Dumu la Njia

Bei ya dizeli ilipopanda, madereva wengine walilalamika, wengine walitukana. Kibaba alichonga kijiti kipya.

Mshale wa mafuta kwenye lori lake ulilala siku alipolinunua na haukuonyesha nia ya kuamka, kwa hiyo alipima tangi kwa kijiti chenye alama za kisu. Alikitumbukiza kabla ya safari, akakitumbukiza baada ya safari, na siku nyingine alikitumbukiza gari likiwa limesimama tu, kuhakikisha kwamba dizeli haijatoroka kwa miguu. Ndiyo maana wenzake walimwita Kibaba. Mkewe, fundi wa cherehani, alisema lau angekuwa anapimwa yeye kwa uangalifu ule, asingekuwa mshonaji anayevaa magauni ya kubana.

Lori lilikuwa lake. Hakuwa na bosi, hakuwa na kampuni, hakuwa na wa kumlilia. Alitafuta mzigo mwenyewe, akanunua mafuta mwenyewe, akapeleka risiti mwenyewe ofisi ya kodi ya mafuta. Likienda lori, vimekwenda vyote: nyumba, karo ya watoto, na lile jina la mwenye gari, ambalo alilipenda kuliko alivyokiri.

Sasa, madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao. Chini ya kiti cha kila lori palikaa dumu dogo la dizeli, kifuniko kimefungwa kitambaa chekundu. Liliitwa dumu la njia, na halikuwa mali ya mwenye gari. Ukimkuta mwenzako amekaukiwa barabarani, unasimama, unamwachia dumu, unakwenda zako. Hakurudishii wewe; anamtunzia atakayemkuta yeye mbele ya safari. Aliyeianzisha desturi hiyo hakujulikana, na aliyewahi kuivunja hakusimuliwa.

Kodi ya mafuta ilipoongezwa kwa mara nyingine, Kibaba alilitoa dumu lake, akalitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaga.

"Nikibeba hili bure," alimwambia mkewe, "ni kwamba namlipia kodi mtu nisiyemjua."

"Na siku usiyejulikana ukiwa wewe?"

"Mimi hupima, mama watoto. Anayepima hakaukiwi."

Akafungua kitambaa, akamimina yote tangini.

Safari iliyofuata, katikati ya kilima kirefu, jua la mchana likiwa utosini, akaona lori limeegeshwa pembeni. Lilikuwa la muundo wa zamani, rangi imepaushwa na jua, na kando yake mtu amekaa juu ya dumu tupu, akiipa barabara uso na jua mgongo. Mtu yule akainua mkono, taratibu, kama anayesalimu msiba. Kibaba akaangalia chini ya kiti, ambako alijua hakuna kitu. Akapiga honi ya pole, akaongeza gia, akapita.

Alipofika mwisho wa safari akatumbukiza kijiti. Mafuta yalikuwa juu ya alama ya asubuhi.

Akakifuta kwa shati, akarudia. Juu vilevile. Mtu mwingine angeogopa. Kibaba aliona kwamba hatimaye Mungu amesoma malalamiko yake kuhusu kodi.

Tangu hapo ikawa hivyo. Kila alipokipanda kile kilima, lori lile lilikuwa palepale na mtu yule juu ya dumu lake. Kila alipompita, tangi liliongezeka. Haba na haba, kama lilivyo jina lake. Alikuwa akipita kituo cha mafuta akimpungia mkono mwuzaji wa pampu, kama mtu anayempungia mchumba wa zamani.

"Yule jamaa wa kilimani hajapata msaada mpaka leo," alimwambia siku moja rafiki yake Bwana Harusi, dereva aliyeitwa hivyo kwa sababu lori lake halikuisha kuoshwa.

"Jamaa yupi?"

"Mwenye lori la zamani. Amekaa juu ya dumu."

Bwana Harusi akapangusa kioo chake. "Pale kuna nyasi na jiwe la maili. Punguza jua, ndugu yangu."

Kibaba akacheka. Ila siku hiyo, alipompita tena mtu yule, aliona jambo ambalo hakuwa ameliona: majani yalikuwa yameota kutoka ndani ya injini, yakapenya kwenye boneti, na hayakutikisika upepo wa lori lake ulipoyapiga.

Ofisi ya kodi haikuchelewa. Afisa aliyemfuata kwenye yadi ya malori alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mzee wangu," alisema, "mizani ya barabarani inasema umezunguka kutwa kucha. Risiti zako za mafuta zinasema ulikuwa umelala. Nimwamini nani?"

"Naendesha taratibu, dada. Naokoa mafuta."

"Hata ukilisukuma kwa mkono, mzee wangu, hutafika huko ulikofika."

Akachota dizeli kidogo kwenye chupa na kudondoshea dawa. Kibaba alikijua kipimo kile. Mafuta yaliyolipiwa kodi hutiwa alama, na dawa ikiyagusa hutoa rangi ya kijani; ya magendo hayatoi rangi yoyote. Ya Kibaba yalitoa zambarau.

Afisa akaisogeza chupa juani. Akaishika muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Yamelipiwa kodi," alisema.

"Basi yamekwisha."

"Zambarau iliachwa kabla sijaajiriwa. Mimi nimeiona kwenye picha, darasani." Akaivua miwani. "Mzee, haya umeyanunua kwa nani?"

Kibaba akaanza kukifuta kijiti chake kwa shati.

"Ijumaa kabla ofisi haijafungwa, uniletee risiti yake. Bila risiti, lori linaingia uani kwetu. Na likishaingia kule, hutoka kwa mnada."

Alimweleza mkewe yote, na mkewe hakucheka. Aliinuka kwenye cherehani, akatoka, akarudi na dumu lililojaa, alilolinunua kwa fedha ya ushonaji. Akakata kipande chekundu kwenye gauni la mteja, akakifunga kwenye kifuniko.

"Hili si lako," alisema.

"Najua."

"Hujui. Sema."

"Si langu."

Ijumaa Kibaba alisimama kilimani kwa mara ya kwanza. Alipozima injini, kimya kilishuka kama kifuniko cha sufuria. Hapakuwa na ndege wala nzi. Mtu yule aliinua uso. Shati lake lilikuwa limechakaa likawa rangi ya vumbi, na pamoja na jua lote lile hakuwa na tone la jasho.

"Karibu, dereva," alisema. "Leo umesimama."

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa na haraka."

"Wote walikuwa na haraka. Sikuwalaumu. Yaliyobaki tangini hayakutosha kunifikisha juu, nikaona, anayenipita ndiye mwenye safari. Nikawa nawapa."

"Hayaishi?"

"Anayengoja haishiwi," mtu yule alisema, bila majivuno.

Kibaba akachuchumaa mbele yake. "Natafuta risiti ya mafuta hayo. Nisipoipeleka ofisi ya kodi, watachukua gari langu."

"Risiti ninayo. Nirudishie mafuta, nikupe."

Wakatoa mpira. Kibaba akavuta kwa mdomo, akatema, dizeli ikaanza kushuka kutoka tangi lake kwenda tangi la mwenzake. Haikufanya sauti yoyote kule ilikoingia. Ilishuka ile ya zambarau, ikashuka na ile kidogo aliyoinunua mwenyewe asubuhi, na alipotaka kuuvuta mpira, mkono wa mtu yule ulikuwa umeushika. Ulikuwa wa moto kama bati la paa. Kijiti kilipoingia tena tangini, kilitoka kikavu.

Mtu yule akampa karatasi nyembamba yenye muhuri uliofifia, akapanda kabini. Injini ikawaka. Majani yaling'oka na mizizi yake, magurudumu yakabanduka ardhini, na lori likaanza kukipanda kilima bila kutimua vumbi.

"Lile la chini ya kiti," alisema dirishani akipita, "unajua si lako."

"Najua."

Likapinda kona, na hakulisikia tena. Pembeni ya barabara lilibaki dumu tupu.

Kibaba akangoja. Njia ile haikukosa magari hata sikukuu, lakini siku hiyo ilikuwa tupu kama mfuko wa mlevi. Kwa kuwa hapakuwa na kivuli, akalikalia dumu lile tupu, jua likamkaa mgongoni. Kituo cha mafuta kilikuwa ng'ambo tu ya kilima. Ofisi ya kodi ilikuwa mjini, nayo haikuwahi kumsubiri mtu. Jua likaanza kuinama. Aliifikiria yadi ya mnada, na mtu mwingine ameketi nyuma ya usukani wake, anacheza na gia zake.

Akaliburuta dumu la njia kutoka chini ya kiti. Mara hii tu, alijiambia. Ni neno ambalo limezika wengi. Akafungua kitambaa, akamimina.

Alifika ofisini mlango ukivutwa. Afisa akaisoma risiti, akaifananisha na chupa yake ya zambarau, akaigonga muhuri mpya juu ya ule wa kale.

"Ni halali," alisema. "Sitauliza zaidi, mzee wangu. Nina watoto wadogo."

Hivyo lori likabaki la Kibaba. Alirudi kununua mafuta kama watu wengine, akailipa kodi bila kunung'unika, akajaza dumu na kulifunga. Alipokipita kilima, aliona nyasi na jiwe la maili, basi.

Ila mgongo. Tangu Ijumaa ile mgongo wake uliungua, mchana na usiku, ndani ya nyumba, chini ya dari, hata mvua ikinyesha. Mkewe alimfunua shati, akapapasa: ngozi ilikuwa baridi, haina hata kipele. "Unalalamika kama mtu aliyekaa juani," alisema, akaenda kuliangalia dumu chini ya kiti. Lilikuwapo, limejaa. Lakini kitambaa chake hakikuwa kile alichokikata yeye kwenye gauni; kilikuwa kikuukuu, kimepaushwa na jua.

Siku chache baadaye Bwana Harusi alimkuta yadini.

"Kibaba, ulikuwa na shida gani kilimani?"

"Lini?"

"Leo asubuhi. Umekaa juu ya dumu, umeinua mkono. Nilikuwa na haraka, ndugu yangu, usinihesabie. Hata jana nilikuona."

Kibaba leo na jana hakuwa amefika kilimani. Jua lisilokuwapo likamkandamiza mabegani.

"Na mshale wako?" aliuliza polepole. "Mafuta yamepanda?"

Bwana Harusi akamtazama kwa mshangao, kisha akaangalia pembeni. "Umejuaje?"

"Sikiliza. Kesho ukinikuta, simama. Dumu la njia unalo?"

"Nililimimina tangini. Si unaona bei?"

Kibaba akaenda kwenye lori lake, akalitoa dumu la chini ya kiti, akaja akampa mkononi.

"Chukua hili. Si lako. Ukinikuta pale, nipe. Nakuomba, ndugu yangu. Usipite."

"Nitasimama, bwana. Kwani mimi ni mtu gani?"

Bwana Harusi akaliweka chini ya kiti chake kilichong'aa. Lakini kabla ya kufunga mlango aliinua macho kuelekea kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, ambako kijana wa pampu alikuwa juu ya ngazi akibadilisha tarakimu za bei. Akaitazama bei mpya, akatazama chini ya kiti, akaitazama bei tena, midomo ikicheza.

Macho yale Kibaba aliyajua. Yalikuwa yake.