Mstari Ulioteleza

Katika bureau ile kulikuwa na viti viwili, na vyote vilikuwa na wenyewe. Kimoja alikalia chef, mkuu wa ofisi, kingine alikalia Papa Siméon Lusenge, mfanyabiashara wa vyombo mwenye depo kubwa kuliko zote Butembo. Emérence alisimama karibu na mlango, kikwembe alichojifunga kiunoni kimelowa mvua hadi magotini. Miguuni pake ilikuwepo katoni yake ya sahani, ile ile ambayo maajenti wa chef walimnyang'anya sokoni asubuhi.

Chef alitoa sahani moja katika katoni, akaiweka mezani. Kando yake akaweka nyingine, mpya, ya depo. Zote nyeupe, zote zimezungukwa ukingoni na mharagwe unaotambaa, wenye majani mapana na maua ya zambarau.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, chef. Mi njo nilipaka, mimi mwenyewe."

"Na hii?"

"Ile pia ni yangu. Papa Siméon alipeleka mufano yangu kule Chine, bakatengeneza zingine sawa nayo."

Lusenge hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Chef alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kula chakula cha mchana kwa mfuko wa mwingine.

"Mama, Papa Siméon alisha kuandikisha hii dessin, hii muchoro ya sahani. Ni yake. Wewe njo unakopia. Angalia vizuri." Akaweka kidole kwenye sahani ya depo, mahali ambapo tawi moja la mharagwe liliacha ukingo, likakata sahani kwa mstari uliopinda hadi katikati. "Ya kwake yote, kontena muzima, iko na huu mustari. Ya kwako hapana hata moja. Mwizi njo anasahauka kitu. Hapana vile?"

Emérence aliutazama ule mstari mpaka macho yakamuuma.

Siku ulipotokea mstari ule, alikuwa amekaa uani, sahani gotini, akipaka maharage ya shamba la mama yake kule Musienene, jinsi yanavyopanda mti asubuhi umande ukiwa bado. Hakuna aliyemfundisha. Mwenye pikipiki akafika langoni akipiga kelele kwamba lori la Phinées limechomwa moto kwenye barabara ya Kasindi, na waliokuwa ndani hawakutoka. Phinées alikuwa mume wake. Burashi ikateleza.

Aliacha vyote pale uani akakimbia. Wakati wa matanga, Jumaine, mwoka mikate aliyekuwa akimwachia tanuri lake kila mikate inapotoka, alipita kuchukua sahani kama kawaida, akazichoma zote ili rangi ishike. Na ile iliyoharibika akaitia humo humo. Alidhani anamsaidia mjane, maskini. Kabla ya moto rangi ile hufutika kwa kitambaa tu. Baada ya moto haitoki tena. Emérence hakuwa na moyo wa kuitupa, akaiweka juu ya kabati, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa.

Na aliyetoa pikapu kuufuata mwili Beni alikuwa nani? Lusenge huyo huyo. Alitoa pikapu na mafuta, hakudai kitu, na kanisani watu walimsifu mpaka akaona haya, au akajifanya kuona. Kwa hiyo alipokuja baadaye kusalimia, akainua macho juu ya kabati na kusema, "Mama, unipatiako hii, bibi yangu atafurahi," nani angemkatalia? Emérence alimsihi achukue nyingine isiyo na kosa. Lusenge alisema hapana, hii inatosha. Alikuwa na ndege ya kuwahi.

"Chef," alisema sasa, "ule mustari hapana dessin. Ni mukono yangu iliteleza, siku balikuja kuniambia juu ya bwana yangu. Papa Siméon anajua. Papa, sema."

Lusenge akaiweka simu mfukoni taratibu.

"Mama Emérence, nilikusikilia huruma wakati ya kilio, na nakusikilia huruma mupaka leo. Mais biashara ni kitu ingine."

"Uko na shahidi?" chef aliuliza.

"Jumaine, mwenye mukate. Yeye njo alizipika."

"Donc mulete."

Emérence alitoka na mvua ile ile. Alimkuta Jumaine akikanda unga, mikono myeupe hadi viwikoni. Alipomweleza, mwoka mikate alianza kujifuta mikono, akajifuta tena, hata pale palipokwisha kukauka.

"Mama, hizi gunia za unga unaona, zote zinatoka kwake. Akinifungia unga, nitapika nini? Majivu?"

"Useme tu kweli, Jumaine."

"Kweli naijua. Njo maana siendi."

Kisha, akiangalia ukutani, akamwambia kwamba hata lile tanuri, afadhali atafute lingine mpaka mambo yapoe. Emérence alisimama pale katika harufu ya mikate. Alikuwa na hasira ya kumtosha mtu kubomoa nyumba, ila hakuona nyumba ya kubomoa. Hata kumchukia Jumaine hakuweza. Matanuri mengine yalikuwa ya moshi mtupu, yangemrudishia sahani nyeusi. Katoni haikurudi. Nyumbani watoto walianza kunywa uji wa asubuhi ikiwa jioni, ili walale nao.

Wiki iliyofuata Lusenge alimwita depo. Alimpa kiti safari hii. Wenye harusi, alieleza, wanataka seti nzima, na wale wa Chine hawakuijua sahani kubwa ya bugali, hawakuitengeneza. Alikuwa amenunua sahani kubwa tupu, rangi, hata tanuri la umeme.

"Utapaka hapa hapa kwa kivuli. Hautateseka tena na soko."

"Nitaandikaka jina yangu chini?"

"Chini ya sahani?" Lusenge alishangaa kweli. "Juu ya nini? Itasaidia nini? Batu banakula, hapana kusoma."

Emérence aliwafikiria wanawe na ule uji. Akachukua burashi.

Alipaka mharagwe ukizunguka ukingo, jani kwa jani. Mkono ulimtii kama zamani, na kwa kitambo kidogo alifurahi, aibu ikamshika kwa kufurahi. Lusenge alisogea kuangalia.

"Ni muzuri. Mais umesahau mustari."

"Papa, ule ni kosa."

"Batu banaujua. Bila ule banasema ni ya kukopia."

Akauvuta, kutoka ukingoni hadi katikati. Lusenge akainamisha kichwa huku na huku, akaleta sahani ya kontena, akalinganisha.

"Hapana. Hii inaonekana umeipanga. Ile ingine inakimbia. Futa."

Akafuta kwa kitambaa. Akavuta tena, mstari ukatoka ulionyooka, wa mtu mwenye akili zake. Akafuta. Mara ya tatu Lusenge alivuta kiti akaketi karibu naye, akapunguza sauti kama mtu aliye kwa mgonjwa.

"Mama, ufikiri kidogo siku ile. Wakati ulisikia pikipiki."

Emérence alifumba macho. Uani palikuwa na jua. Yule kijana wa pikipiki alikuwa langoni, kofia ngumu mkononi, mdomo wazi, bado hajasema.

Burashi ikateleza.

"Voilà," Lusenge alisema kwa furaha. "Njo ile." Akaiondoa sahani polepole, rangi isichafuke, akamsogezea nyingine.