Sheria ya Shukrani

Kitabu cha Profesa Callisto Bergonzoni kilipotoka, Ersilia Landuzzi alikisoma siku mbili mfululizo bila kuvua aproni. Alianza na dibaji. Mle Bergonzoni alimshukuru Kadinali, akamshukuru baba mkwe wake, akamshukuru mama yake mzazi, akamshukuru hata daktari aliyemtibu kikohozi. Jina la Landuzzi halikuwemo. Akafungua sura ya majaribio, akakutana na maneno yake mwenyewe: sumaku yake, koili yake ya waya uliovikwa nyuzi za hariri, hesabu zake, mpaka ule mkato aliopenda kuuweka mahali pasipohitaji mkato.

Naam. Mtu mzima na akili zake timamu aliketi akanakili daftari zima, kisha akaandika jina lake juu.

Na daftari lenyewe alipewa mkononi. Wakati ule Bergonzoni alikuwa mhadhiri kijana mwenye viatu vilivyopasuka, akija kila Alhamisi kwenye karakana ya vipimo ambayo Ersilia aliachiwa na baba yake. Anakula, anakunywa, anamwita "mwalimu wangu." Jumuiya ya wanazuoni pale Bologna haikumruhusu mwanamke kusoma kazi yake kikaoni. "Nipe nikusomee, mwalimu wangu," alisema. "Nitalitaja jina lako kabla ya neno la kwanza. Wiki mbili tu, nakurudishia." Wiki mbili zikawa mwaka, na daftari likarudi limekuwa kitabu.

Siku ya pili ya kusoma, alipofika ukurasa wa arobaini, Ersilia akaangua kicheko. Dada yake Argia, mjane aliyekuwa akiishi naye, akatoka jikoni mikono imejaa unga, akidhani mdogo wake amerukwa na akili.

"Unacheka nini wewe?"

"Dada, huyu mjinga ameandika kaskazini."

"Alitakiwa aandike nini?"

"Kusini. Kila mahali, kitabu kizima, kusini."

Kicheko hicho hakieleweki bila kujua jambo moja la nyumba ya Landuzzi. Mafundi wa mji ule hupaka rangi ya buluu ile ncha ya sindano ya dira inayoelekea kaskazini. Sindano ya Ersilia ilikuwa ya marehemu baba yake, na siku moja Ersilia aliipiga kwa umeme mkali kupita kiasi, sumaku yake ikapinduka. Tangu hapo ncha ya buluu ikawa inatazama kusini. Fundi mwingine angeipaka upya. Yeye aliona ni kujisumbua, maana anayeitumia ni yeye na anajua. Basi daftarini aliandika "ncha ya buluu imekwenda kushoto," na Bergonzoni, ambaye hakuwahi kuigusa sindano ile hata kwa kidole, akanakili kila mahali "ncha ya kaskazini."

Neno moja, likapindua kila kitu. Ersilia alikuwa amegundua kwamba ukiisogeza sumaku karibu na shaba, umeme unaozaliwa ndani ya shaba hushindana na sumaku hiyohiyo: ikija, unaisukuma, ikiondoka, unaivuta. Umeme mbishi, unampinga aliyeuzaa. Kwenye kitabu cha Bergonzoni mambo yalikuwa kinyume: umeme unamsaidia mzazi wake, unamsukuma aende mbele zaidi. Na kwa kuwa bwana yule hakuwa na haya hata chembe, akaupa ugunduzi huo jina. Aliuita Sheria ya Shukrani.

Mji ukaipenda sana. Mapadri wakaihubiri Jumapili, mabibi wa majumba makubwa wakaitaja kwenye karamu, na Bergonzoni akavishwa joho la uprofesa. Alipofanya jaribio mbele ya watu, sindano iliruka, na maadamu iliruka watu walipiga makofi. Nani aliangalia imerukia upande gani?

"Mwandikie barua," Argia alimwambia. "Mwambie kakosea."

"Nimwandikie ili asahihishe?"

"Ni kazi yako, Ersilia. Wewe si unataka jina lako litajwe kwenye ukumbi ule? Litatajwaje kama kazi yenyewe imeharibika?"

"Litatajwa. Kwanza acha apande, dada. Acha apande mpaka juu kabisa, ndipo nimshushe."

"Una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Alinitengenezea yeye."

Akakaa kimya miaka sita. Kila aliposikia jina la Bergonzoni sokoni, alirudi karakanani kufanya kazi. Alitaka mambo mawili, na alitaka yote mawili kwa siku moja: Bergonzoni agaragare mbele ya watu, na jina la Ersilia Landuzzi lisemwe kwa sauti katika ukumbi ule, kama alivyoahidiwa. Akajaribu kila kitu mara mia. Alipokuwa na hakika, akangoja kanivali.

Maana Jumuiya ilikuwa na desturi yake ya zamani. Mara moja kwa mwaka, katika siku za kanivali kabla ya Kwaresima, ilifanya kikao cha hadhara mchana kweupe, na yeyote aliyevaa barakoa aliruhusiwa kuingia na kuuliza. Hakuna aliyeweza kumwambia mtu avue barakoa siku hiyo, na profesa alilazimika kumjibu kwa adabu, awe bwana mkubwa au muuza soseji. Mwaka ule ilitangazwa kwamba Profesa Bergonzoni ataonyesha Sheria ya Shukrani, kisha atavishwa nishani ya dhahabu.

Ersilia akavaa koti jeusi la baba yake, kofia pana na barakoa nyeupe. Argia akamfunga utepe kisogoni.

"Ukishamwaibisha, utavua?"

"Nitavua. Nitawaambia habari ya ncha ya buluu, nitawaambia mimi ni nani."

"Basi nakukunjia tortelini za sherehe," Argia akasema, akarudi kwenye unga wake wa tambi.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mzee Ghislardi, mwenyekiti wa Jumuiya, alikaa mbele na nishani kwenye mto wa mahameli. Bergonzoni alikuwa amenenepa, kanawiri, sauti imekuwa nzito kama ya askofu. Alisukuma sumaku, sindano ikaruka, makofi yakapigwa. Ndipo mwenye barakoa nyeupe akasimama katika safu ya nne.

"Bwana Profesa, mimi si msomi, unisamehe. Umeme ukizaliwa unamsaidia aliyeuzaa, sivyo?"

"Kama mtoto mwema, ndugu yangu."

"Basi ukiifunga sumaku yako kwenye kamba, ukaibembeza juu ya bamba nene la shaba, umeme wa kwenye shaba utaisaidia?"

"Bila shaka."

"Itabembea zaidi na zaidi?"

Bergonzoni akacheka, akaugeukia ukumbi. Alikuwa amevimba kichwa kiasi kwamba hakunusa kitu. "Zaidi na zaidi. Tusipoizuia itagonga dari."

"Tuonyeshe, tafadhali."

Watu wa kanivali hawataki zaidi ya hapo. Wakaanza kugonga sakafu kwa miguu, tuonyeshe, tuonyeshe. Kamba ikaletwa, sumaku ikaning'inizwa. Kwanza wakaibembeza juu ya meza ya mbao, ukumbi mzima ukihesabu kwa sauti. Wakafika mia moja na bado inakwenda. Kisha bamba la shaba likasukumwa chini yake, karibu kabisa, na Bergonzoni mwenyewe akaivuta sumaku pembeni kwa vidole viwili, akaiachia.

Moja, mbili, tatu, ukumbi ukahesabu. Kufika ya tano kila mtu aliona kwamba inazidi kupungua. Ya nane ilikuwa inajikokota. Ya kumi na moja ikasimama juu ya shaba, tuli, kana kwamba mtu ameishika.

"Kumi na moja, Bwana Profesa," akasema mwenye barakoa. "Hii ni shukrani ya namna gani?"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika hadi uwanjani. Bergonzoni akairudia tena, ikafia palepale. Akalisogeza bamba, akalirudisha, kijasho chembamba kikimtiririka. Roho ya Ersilia ikasuuzika. Miaka sita alikuwa ameiwaza sura ile, na ilikuwa nzuri kuliko alivyoiwaza.

Mzee Ghislardi akainua mkono watu wanyamaze. "Profesa, majaribio ya kitabu hiki uliyafanya kwa mkono wako?"

Bergonzoni akaliacha bamba. Alikuwa anaitazama barakoa nyeupe katika safu ya nne. Ile sauti alikuwa ameisikia kila Alhamisi kwa miaka mitatu.

"Hapana," akasema. "Niliyatoa kwenye daftari la mwanamke mmoja. Ersilia Landuzzi. Majaribio ni yake, na kama kuna kosa, mwenye kujua lilipotokea ni yeye." Kisha ile sauti ya kiaskofu ikamwisha. "Bi Ersilia, najua umo humu. Mwalimu wangu, nakuomba. Waambie nilipokosea."

Ersilia akaupeleka mkono kisogoni, akaushika utepe. Hiyo ndiyo saa aliyoitaka: jina lake limesemwa ukumbini, na aliyelisema ni mwizi wake. Ilibaki kufungua fundo moja.

"Ni sawa," akasema Ghislardi, akionekana kupumua. "Kama ni kosa la kunakili tu, waheshimiwa, kunakili kila mtu hukosea. Mwanamke huyo akijitokeza akatueleza, Profesa atasahihisha chapa ya pili, sheria itabaki, na nishani tutaitoa kama ilivyopangwa. Na mwanamke huyo atashukuriwa inavyostahili."

"Atashukuriwa wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kwenye dibaji. Baada ya daktari."

Ukumbi ukacheka tena, safari hii kwa wema. Bergonzoni naye akatabasamu, mtu aliyekwisha kuiona kamba ya kumtoa kisimani.

Ersilia akaelewa wapi alipofikishwa. Akisema neno lile moja, buluu, sheria yake itakuwa kweli mbele ya dunia nzima, na itakuwa ya Bergonzoni. Atamwokoa kwa mkono wake, kwa kazi yake, kisha atapewa mstari mmoja nyuma ya kikohozi. Akinyamaza, Bergonzoni anazama. Lakini kosa limekwisha kupewa jina, na jina hilo ni Landuzzi.

"Ersilia!" Bergonzoni akamwita mara ya pili. "Ersilia Landuzzi, nakusihi!"

Aliita mpaka mara ya tatu, sauti ikikatika, mbele ya mapadri na mabibi na wauza soseji. Ersilia akauachia utepe, akaushusha mkono, akaketi.

Ghislardi akautazama ukumbi safu kwa safu. Hakuna aliyejitokeza. Akaitia nishani mfukoni, akamwambia karani aandike kwamba Sheria ya Shukrani ni uongo, kwamba asili ya uongo huo ni daftari la Ersilia Landuzzi, na kwamba Profesa Bergonzoni, aliyelichapisha pasipo kujaribu, hatafundisha tena kwa idhini ya Jumuiya. Bergonzoni akavuliwa joho palepale. Alipita karibu na safu ya nne akiwa na shati tu, akasimama.

"Ulikuwa unajua," akamnong'oneza. "Ungejiokoa na wewe. Umepata nini?"

"Nimekupata wewe," Ersilia akajibu.

Huko nje habari ilikuwa imemtangulia. Watu wa kanivali hupenda wimbo mpya, na walikwisha kupata mmoja: Landuzzi, Landuzzi, sumaku yake, kumi na moja, chali. Akapita katikati yao na barakoa yake, mmoja akamshika mkono acheze, akacheza hatua mbili akaachiwa. Iliuma. Kila alipowaza uso wa Bergonzoni uchungu ulipoa kidogo, kisha ukarudi. Lakini angeambiwa arudie, angeketi vilevile.

Argia alikuwa na maji yanachemka. Alimtazama mdogo wake akiivua barakoa.

"Bergonzoni?"

"Kwisha habari yake."

"Na jina lako, wamelitaja?"

"Wamelitaja. Yeye mwenyewe, mara tatu. Karani akaliandika kitabuni."

"Mbele ya watu wote?"

"Wote, dada."

Argia akalia kwa furaha, akamkumbatia na unga wake mwilini, akasema laiti baba angekuwepo. Ersilia akajikalisha mezani, hakumwambia kitu. Wimbo ule ulikuwa unakuja ukipanda mtaani, na Argia, ambaye siku hizi hasikii vizuri, alipolinasa jina la Landuzzi tu, akaenda akafungua madirisha yote mawili.