Mshale wa Distributa

Tangu milango ya biashara ifunguliwe, vipuri vilijaa Morogoro kuliko magari yenyewe, na Amosi hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Alikuwa na kigari kikongwe cha Kitaliano chenye injini iliyopenda kukimbizwa mpaka ivume kama nyuki. Jumamosi kilitakiwa kumfikisha mtoto wao Irene kanisani Matombo saa nne, abatizwe. Wakichelewa, padri alishasema, mpaka Pasaka.

Mkewe Eufrazia aliona distributa ya zamani, kile kifaa cha kugawa cheche za injini, ingetosha. Amosi akacheka. Pointi zake, vile vyuma viwili vya kukatia umeme wa cheche, alisema ni mambo ya enzi za foleni ya sukari. Sasa ni elektroniki.

Dukani kwa Salehe zilikuwapo mbili za elektroniki. Moja ilitengenezwa kwa injini kama yao hasa, lakini boksi lake la kaki. Nyingine ilikuwa na kifuniko chekundu na kijitabu cha lugha tano, na Salehe aliapa kwamba inavumilia mizunguko elfu tisa kwa dakika. Amosi akaipakata kama ndiyo inayobatizwa.

“Baba Irene,” Eufrazia alisema, mtoto mgongoni, “mshale wa hii unaonyesha inazunguka kushoto. Ya kwetu inazunguka kulia.”

“Mama, huo mshale ni pambo tu,” alijibu Salehe.

Fundi Kondo wa hapo dukani akaifunga, akapanga nyaya kinyumenyume, injini ikanguruma taratibu, wanaume wakapeana mikono.

Jumamosi, njiani kwenda Matombo, kilima cha kwanza baada ya Mkuyuni kikawaumbua. Cheche hutakiwa kuwahi kadiri injini inavyokwenda kasi. Distributa hii, ikizungushwa kinyume, ilizidi kuzichelewesha. Amosi alipokanyaga mafuta, gari lilikohoa na kupoa. Wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani wakawapita.

“Shikamoo bibi,” Eufrazia alimwamkia mmoja.

“Marahaba. Hilo mnalijaribu, wanangu, au linawajaribu?”

Eufrazia akaingiza mkono kapuni, chini ya nepi, akatoa distributa ya zamani iliyoviringishwa kwenye khanga. Amosi aliipokea bila kumtazama, akaifungua ile nyekundu na kuirudisha ya zamani mahali pake.

Walifika padri akivaa stola. Irene alibatizwa, kitambaa chake cheupe kikiwa na alama za grisi za vidole vya babaye.

Baadaye, kwenye ndizi na nyama, Amosi aliwahakikishia wakwe kwamba elektroniki haina mpinzani. Mjomba Fransisko akaomba aonyeshwe.

Amosi akamgeukia mkewe. Eufrazia, aliyekuwa akitafuta nepi kavu, akaitoa kapuni, chini ya nepi chafu, kifuniko chake chekundu kimelowa.