Kitambaa cha Binti Yeftha

Nalala nikiwa nimeketi, saa tisa alasiri, ndani ya ukumbi wa usharika, kisu cha rangi mkononi na picha ya binti Yeftha mbele yangu. Sikupanga kulala, nilipanga kukwangua. Chini ya uso wa binti huyu kuna uso wa mwanangu Naelijwa, niliyemchora mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne, mwaka mmoja kabla homa haijamchukua, na picha yake nyingine hakuna, maana ile ndogo ya kitambulisho cha shule mama yake aliiweka ndani ya jeneza. Kesho tunaweka msalaba kaburini. Mke wangu Nakundwa anataka ile niliyomchora mtoto ibebwe mbele ya watu, na mimi nimemdanganya kwamba iko kwa seremala inatiwa fremu mpya. Ukweli ni kwamba miezi mitatu iliyopita wazee wa kanisa waliidai picha ya kumi na mbili, ya mwisho kati ya zile za watu wa Biblia walizoniagiza, kitambaa cha kuchorea kikawa kimeniishia, nami nikamshusha Naelijwa kutoka ukuta wa karakana yangu, nikampiga msasa, nikampaka rangi nyeupe, nikachora juu yake. Nilijiambia kwamba uso wa mwanangu ninao kichwani. Sinao. Wiki nzima nautafuta, napata masikio, napata kovu la kwenye nyusi, uso wenyewe siupati. Basi naegemeza paji la uso kwenye fremu, nipumzike kidogo tu kabla sijaanza, na fremu inafunguka kama mlango wowote, nami naingia.

Barabara ina vumbi la rangi niliyoichanganya mwenyewe, udongo mwekundu na majivu, na haina mwisho, inapinda na kurudi na kupita tena penye jiwe lile lile la kusagia, halafu inapinda tena. Watu wananipita na wote nawajua kwa mavazi. Mimi huchunguza hata vitu vidogo. Wazee waliposema wanataka watu wa Biblia jinsi walivyokuwa, si wale wazungu wa kwenye kalenda wenye nywele za njano, nilisoma miaka miwili kabla ya kugusa brashi. Najua sufu yao ilitiwa rangi ya mizizi gani, najua magoti ya wanawake yalivyoota sugu mbele ya jiwe la kusagia, najua meno yao yalivyoliwa na mchanga wa jiwe hilo ulioingia kwenye unga. Nilijua kila kitu isipokuwa sura, kwa sababu sura hazikuachwa popote, basi sura niliziazima. Ruthu nilimpa uso wa muuza ndizi wa pale stendi, Amosi nikampa wa fundi viatu, na nilijiona mjanja kweli. Huku niliko, wenye sura hizo wamekuja kuzichukua. Ruthu ananipita na masuke begani, kila uzi wa kanzu yake uko sawasawa, nasikia fahari ya kijinga, na juu ya shingo yake hakuna kitu, peupe, kitambaa ambacho hakijachorwa. Amosi naye hivyo hivyo. Wote hivyo hivyo, na hakuna anayelalamika, na hilo ndilo linaloniumiza.

Penye jiwe la kusagia, mara ya tatu au ya thelathini ninapolifikia, mtu ananisubiri. Vazi lake limechanika kutoka shingoni hadi kitovuni. Mchaniko huo naujua, ulinichukua siku nne kuuchora. Ni Yeftha, yule aliyeapa kwamba akishinda vita atamtoa sadaka ya kuteketezwa wa kwanza atakayetoka mlangoni kwake kumlaki, akashinda, na akatoka binti yake, mtoto wake wa pekee, akipiga tari. Shikamoo, mzee, namwambia. Marahaba, anajibu, na sijui anajibu kwa mdomo gani. Natafuta uso wa mwanangu, namwambia. Unatafuta ulichopoteza au ulichotoa? ananiuliza. Nasema sioni tofauti. Basi njia yetu ni moja, anasema, na anatangulia. Namwuliza uso wake yeye uko wapi, maana Yeftha sikumwazimia kwa mtu, nilimpa uso wangu mwenyewe, kioo kilikuwa karibu na nilikuwa na haraka. Nimekurudishia, anasema, umeuvaa. Najishika shavu. Ni kavu, lina mikwaruzo ya brashi, na ukucha wangu unaondoka na gamba dogo la rangi.

Tunaingia mji wenye safu mbili za nyumba zinazotazamana. Kushoto ni Mispa, kwao Yeftha, kuta za udongo na mapaa bapa, nilivyoichora. Kulia ni kwetu Usangi, mabati na migomba. Lakini kila kinachotokea upande mmoja kinatokea na wa pili, mbwa akivuka kule mbwa anavuka huku, mwanamke akimwaga maji kule mwenzake anamwaga huku, na maji yanakutana katikati ya miguu yangu. Tunatembea, mji unageuka, Mispa iko kulia na kwetu kushoto, tunatembea tena, sasa sijui ni ipi. Mwisho wa mji kuna milango miwili, inatazamana. Mmoja ni wake, mmoja ni wangu, naujua kwa ile bawaba niliyoifunga kwa waya. Simama katikati, Yeftha ananiambia. Atakayetoka kwanza ni wako. Ni nani hutoka kwanza? namwuliza, ingawa sitaki jibu. Siku zote ni yule aliyekuwa anasikilizia miguu yako, anasema. Nami namkumbuka Naelijwa alivyokuwa akisikia kengele ya baiskeli yangu toka kule chini kwenye daraja, na nikifika ameshasimama barabarani, mikono ina unga. Namkumbuka hadi unga. Juu ya unga ule, kinachokosekana ni kile kile, uso.

Tari linalia ndani, kisha milango inafunguka kwa pamoja na wanatoka mabinti wawili, kimo kimoja, hatua moja. Namtazama wa kwangu na uso hana. Namtazama wa Yeftha na hana. Nalia kwa sauti, sina wa kumwonea aibu hapa. Baba, anasema wa kwangu, na sauti naijua papo hapo. Sauti sikuwahi kuichora, ndiyo maana imebaki. Baba, kitambaa kilikosekana? Kilikosekana, mama, namwambia. Dukani hakikuwepo? Mjini kilikuwepo. Sikwenda. Wazee walikuwa wanasubiri na mimi nilikuwa nimewaahidi mwisho wa mwezi. Naomba anigombeze, naomba atupe tari chini, anitukane kama watoto wa siku hizi wanavyotukana. Sawa, Baba, anasema, kama ulikuwa umeshaahidi. Anasema kwa upole, kama nilivyomlea, na naona Yeftha pembeni yangu anashika ule mchaniko wa vazi lake na kuuvuta, uendelee.

Tunakwenda mlimani na mwenzangu, Naelijwa anasema. Yeye hata jina hakuandikiwa kitabuni. Mimi nitamlilia yeye, yeye atanililia mimi. Nawaambia wanisubiri, nakuja, ninacho kisu, ninazo rangi, nitafanya upya wote wawili. Wanashikana mikono wanaondoka. Nakimbia, barabara inapinda, nafika penye jiwe la kusagia, nakimbia tena, jiwe la kusagia, na Yeftha amelikalia. Wanakaa huko muda gani? namwuliza. Miezi miwili, ndiyo muda alioniomba binti yangu wa kulia kabla ya sadaka. Halafu wanarudi? Wanarudi, anasema. Hapo ndipo pabaya. Hawakimbii. Wanarudi wenyewe kwa miguu yao, na wewe upo mlangoni.

Naamka shingo inauma. Jua la saa kumi liko dirishani, na nje kwaya ya vijana wanafanya mazoezi, tari linapigwa. Kisu kiko mkononi. Miguuni pangu kuna magamba ya rangi, kahawia, nyekundu, nyeupe, mengi kuliko ninavyokumbuka, na mimi sikumbuki kukwangua hata moja. Naitazama picha. Kanzu ya binti Yeftha ipo, nyuzi zote zipo, mikono ipo, lakini uso nimeuondoa, na chini yake hakuna mtu. Kitambaa kitupu. Msasa ulifanya kazi yake miezi mitatu iliyopita, maana mimi kazi nusunusu sifanyi, na hilo nililijua tangu mwanzo, nilikuwa najidanganya tu. Napitisha kiganja usoni pangu na kinarudi na vumbi kavu la rangi. Huenda ni la kwenye kisu.

Mlango unafunguliwa. Mwanamke anasimama kizingitini, jua lote liko nyuma yake, ni kivuli tu na kitenge. Baba Naelijwa, anasema kwa sauti ya mke wangu, wageni wameanza kufika, ile picha ya mtoto iko wapi? Anaitazama fremu muda mrefu, kama anayeitambua. Nje tari linanyamaza. Njoo huku ndani, namwambia, toka kwenye mwanga, nikuone. Hasogei. Namwomba tena, nasimama, kisu kinaanguka, namwomba kwa jina lake, Nakundwa, tafadhali, sogea nikuone uso, na yeye bado anatazama pale peupe.

Kitambaa kilikosekana? ananiuliza.