Viungo vya Kila Aina

Binti yangu hakupiga magoti.

Alitoka kwenye mlango wa wasafiri pale uwanja wa ndege wa Juba, mkoba begani, miwani ya jua usoni, akanijia mpaka mbele yangu, akasimama wima kama nguzo ya umeme. Kisha akaniinamishia shavu. Shavu! Sisi Waganda, mtoto wa kike akikutana na mama yake baada ya miaka, magoti yake husalimia kabla ya mdomo. Hata chini kuwe na tope, hata gauni liwe la harusi, anashuka, anaamkia, ndipo ananyanyuka. Mirembe nilimfundisha hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Sasa madereva wa bodaboda wanatutazama, na mimi nimepewa shavu la mtu mzima, sijui nilibusu au nilipanguse vumbi.

"Mama, habari ya siku nyingi."

Nikajibu nzuri. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumnyima chakula cha jioni.

Lakini hapo nimeanzia katikati. Siku ile aliyekuja kupimwa magoti nilikuwa mimi, si yeye, na chanzo chake kilikuwa kibao.

Nilikuwa na kibanda Malakia, soko la Juba, ule upande wa kuelekea mtoni. Nauza iliki, karafuu, mdalasini, bizari, pilipili manga. Ukipita kwangu bila kupiga chafya, basi pua yako ni pambo. Nilimwita Isaac, mchora vibao aliyekulia ukimbizini Uganda, nikamwambia aandike ninachouza. Akaandika kwa rangi nyekundu: MAMA MIREMBE, VIUNGO VYA KILA AINA. Rangi ikabaki. Isaac si mtu wa kutupa rangi, akachora na tangawizi pembeni. Tangawizi yenyewe ilitoka na vifundo vifundo, imejikunja, kama mkono wa bibi kizee uliovimba vidole.

Kiswahili kule Juba ni nguo ya kuazima, kila mtu anaivaa kama alivyoikuta. Kwangu mimi viungo ni vya sufuria. Kwa wale waliojifunzia Kiswahili kwenye zahanati za kambini, viungo ni magoti na mabega. Wakasoma kibao, wakatazama ule mkono uliovimba, wakaanza kuja. Mzee mmoja aliuweka mguu wake juu ya meza yangu, katikati ya karafuu. Nikamwambia, mzee wangu, mguu huu nikiutia kwenye pilau nani atakula? Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniomba niuguse tu, hata kidogo. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, maana kule watu wanajua mganga wa kweli hajisifu.

Ndipo akaja Victoria. Msichana mrefu, sare ya bluu, tabibu wa viungo kwenye zahanati moja mjini. Vile viungo vya mwili sasa, si vya pilau. Wagonjwa wake walikuwa wameacha mazoezi yake wakanifuata mimi, naye alikuja kunifukuza. Alisimama mbele ya meza akauliza kwa ukali ni wapi ninapowavuta watu mifupa. Nikamfungulia mkebe wa iliki, nikamsogezea puani. Akatazama iliki. Akatazama kibao. Akatazama tangawizi ya Isaac. Akaketi juu ya gunia langu la bizari akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nikainuka kwenda kumletea chai, na kicheko chake kikakatika.

"Haboba," akasema, kwa Kiarabu cha Juba haboba ni bibi. "Wewe unashika meza kuinuka. Na mguu unaurusha kando. Toka lini?"

Tangu mvua zilizopita, lakini hilo sikulisema. Goti langu la kulia lilikuwa limegoma polepole, kama mlango wa choo wakati wa masika, nami nilikuwa nalificha chini ya kanga. Nilimficha kila mtu isipokuwa Betty, fundi cherehani wa kibanda cha pili, na Betty amepewa na Mungu taya lisilo na komeo. Alikwisha kumpigia Mirembe simu Masaka, kwetu Uganda. Kwamba mama yako sasa anainuka kwa kushika meza. Kwamba siku moja ataanguka huku ugenini, nani atamwokota?

Mirembe akanipigia. Rudi nyumbani, Mama. Nikasema sirudi. Akapiga tena, akalia kidogo, akanuna kidogo, akanyamaza, akapiga tena. Ninyi mnaojua kukaa hamtanielewa. Mimi sijui kukaa. Nilikuja Juba na bahasha ya karafuu na miguu isiyotulia, nikaukuta mji nao hautulii: jenereta zinakoroma, malori yanapakua, mtu wa jana leo hayupo, wa leo kesho ana duka. Tukapatana. Masaka wataniweka barazani juu ya mkeka, wanipe redio, waniambie Mama pumzika, mpaka nife kwa kupumzika.

Mwisho Mirembe akasema anakuja mwenyewe, na akaweka sharti. "Nikifika, upige magoti chini, uinuke bila meza, bila ukuta, bila mtu. Ukiweza, nitakuacha Juba na sitakusumbua tena. Ukishindwa, tunapanda ndege pamoja."

Nikakubali, halafu nikashika meza nikaketi.

Basi Victoria akaanza kuja kila jioni akitoka kazini, kabla sijafunga kibanda. Malipo yake yalikuwa chai yenye iliki. Alinifundisha mwili wangu kama mtu anayekuonyesha nyumba uliyoishi miaka yote bila kuingia vyumba vya nyuma. Mimi sayansi niliiachia shule ya msingi, pale kwenye miguu ya panzi, kwa hiyo kila alilosema nililitafutia chombo cha jikoni. Bega na nyonga, akasema, ni mpira ndani ya kikombe, unazunguka pande zote. Nikasema huo ni mchi ndani ya kinu. Akakubali. Kiwiko cha mkono na goti ni bawaba: mlango unafunguka, unafungika, usiulazimishe upande mwingine utauvunja. Vifupa vya kifundo cha mkono vinateleza vikisuguana, kama kunde ndani ya mfuko. Kidole gumba kimekaa juu ya mfupa wake kama abiria wa bodaboda, anayumba mbele na nyuma, kushoto na kulia, ila haanguki. Na shingo ina mfupa mmoja uliosimama kama kigingi, wa juu yake unauzunguka, ndiyo maana mtu anaweza kukataa kwa kichwa.

Nilimuuliza kama kuna kiungo kisichosogea kabisa. Akasema vipo, kwenye fuvu, mifupa imeshikana kama mshono uliokazwa. Nikasema hivyo ninavijua, binti yangu anavyo vyote.

Tulicheka, lakini kazi haikuwa ya kucheka. Kukaza paja, kulegeza paja. Kukunja goti mpaka linapoanza kutukana, kulisubiri linyamaze, kukunja tena kidogo. Victoria alikuwa ananitazama natembea kutoka kwenye gunia la bizari mpaka kwenye cherehani ya Betty na kurudi, akisema, "Unaona, Haboba? Goti likilala, nyonga inafanya kazi ya watu wawili. Mguu unazunguka nje kama mlango uliong'oka." Betty alikuwa anahesabu kwa sauti ili tujue hajalala. Usiku goti lilinichoma nami nikageuka huku na huku kitandani, nikiwaza Masaka, mkeka na redio.

Siku moja nikashuka chini mbele ya karafuu zangu, nikapumua, nikainuka. Bila meza. Bila ukuta. Betty akaacha kuhesabu, akapiga vigelegele mpaka wateja wa mbali wakadhani kuna harusi. Nikashuka tena, nikainuka tena, mtu mzima nimekuwa kama ndoo ya kisimani. Nikampigia Mirembe simu, nikamwambia aje upesi, asije akakuta nimeolewa.

Ndivyo nilivyokwenda uwanjani nimevaa gomesi yangu mpya, gauni letu la Kiganda, mshipi umefungwa kiunoni kwa mkao wa ushindi, na yeye akanipa shavu.

Nikageuka kwa hasira kumtafutia gari. Nilipotupa jicho nyuma nione kama anafuata, nikaona. Alikuwa anavuta sanduku, na mguu wa kushoto ulikuwa unazunguka nje. Nyonga inapanda, mguu unarushwa kando, unatua. Nyonga inafanya kazi ya watu wawili.

Alipoinua uso aone kama ninamtazama, nikawa nimegeuza shingo. Nikayatazama malori ya mizigo kama mtu anayetaka kununua moja.

Kwenye gari aliketi mbele, akaomba kiti kisogezwe nyuma kabisa, mguu akaunyoosha. Akasema kiti cha ndege kimembana. Nikasema ndege za siku hizi. Tulipita barabara yote mpaka New Site, mtaa niliokuwa nakaa. Nilikuwa nahesabu maneno yake ya simu upya, moja moja. Kwamba saluni ameifunga kwa muda, kwa sababu ya matengenezo. Kwamba yule msichana wa kazi ameondoka. Kwamba nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, Mama. Nilidhani anazungumza juu ya nyumba.

Nyumbani aliketi, mguu mbele, sketi ndefu imeshuka mpaka viatuni. Kidogo ikapanda, nikaona kovu jipya limepita juu ya goti, jekundu bado, kama zipu. Akaishusha. Nikamwaga chai kwenye vikombe bila kumwaga nje, jambo ambalo sijui niliwezaje.

Asubuhi Victoria alikuja kushuhudia, na Betty akaja kwa sababu ni Betty. Mirembe alikaa kwenye kiti cha mbao. Nilimwona Victoria akiutazama ule mguu, kisha akinitazama mimi. Tabibu mzuri anajua mgonjwa wake ni yupi.

"Haya, Mama," Mirembe akasema. Sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kushinda. Ilikuwa ya mtu aliyebeba ndoo njia nzima na sasa hajui pa kuitua. Nikaelewa kwamba aliyekuja kunichukua alikuwa amekuja kuchukuliwa, ila fuvu lake halikumruhusu kusema. Na ukimuuliza fuvu hilo kalirithi wapi, usinitazame mimi.

Nikashuka. Nilishuka vizuri, polepole, bawaba zote mbili, mpaka sakafuni. Goti la kulia lilikuwa jepesi kama la binti. Lilitaka kuinuka lenyewe. Nilisikia Juba nzima nje ya dirisha, jenereta ya jirani, bodaboda inabishana na mbuzi, mtu anaita mteja kwa lugha tatu, na vyote vilikuwa vinaniambia simama, mama, simama twende.

Nikabaki chini.

Nikajaribu kidogo, ili ionekane. Nikakunja uso. Nikasema ee, limekataa. Betty akafungua mdomo, na Victoria akamkanyaga kidole cha mguu, kiungo kidogo lakini chenye kusikia.

"Basi twende nyumbani, Mama," Mirembe akasema, na mabega yake yakashuka, michi miwili ikatulia ndani ya vinu.

Kibanda nilimwachia Betty. Nasikia anauza vizuri, na wanaokuja na magoti anawashonea sketi pana.

Ndani ya ndege ya Entebbe, Mirembe alikaa kando ya dirisha, mguu wake ameupitisha chini ya kiti cha mbele. Kabla hatujapaa, mfuko wangu wa karafuu ukateleza kutoka mapajani, ukapasuka, karafuu zikatawanyika kwenye njia ya katikati. Mtu asiyejua kukaa hasubiri kuokotewa. Nilikuwa nimekwisha kushuka magotini, nimeokota zote, nimesimama bila kushika kiti, ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mgonjwa.

Nikamtazama. Alikuwa ameona, jicho lilikuwa bado kwenye goti langu.

Kisha shingo yake ikazunguka juu ya kigingi chake, taratibu, mpaka dirishani, akaanza kutazama mabawa ya ndege kama mtu anayetaka kununua moja.