Nafasi ya Saini

"Shikamoo, mzee. Nimefuata saini," alisema fundi seremala, kasimama katikati ya ofisi ya wahasibu, karatasi mkononi, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi.

Mhasibu wa meza ya dirishani aliinua kichwa. Karatasi zile alizijua. Alizichapa mwenyewe Jumapili, nyumbani, kwenye meza ya kulia, watoto wamekatazwa hata kukohoa.

Miezi minne sasa mwanamke huyu alikuwa akijipima: aache ajira, afanye mahesabu ya watu kwa jina lake, au abaki hapa alipoingia akiwa msichana wa kupanga mafaili? Seremala ndiye mteja wake wa kwanza, wa siri. Alitaka hesabu za mwaka azipeleke benki, akopeshwe hela ya mashine ya kuranda. Mume wa mhasibu alimcheka. "Wewe mama, hata barua ya kuacha kazi utampelekea bosi akusahihishie kwanza." Naye akamnunia siku mbili nzima.

Basi mzee, mwenye ofisi, akavaa miwani. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka na tarakimu taratibu, kama mtu achambuaye mchele. Dada wa mapokezi, ambaye ulimi wake haujui likizo, alijifanya anatafuta pini.

"Nani kakwambia ulete kwangu?"

"Imeandikwa, mzee. Tazama hapo chini. 'Imeandaliwa na', dada kasaini. 'Imeidhinishwa na', jina lako hilo, ila pako wazi. Nikasema siendi benki na kitu nusunusu."

Masikio ya mhasibu yaliwaka moto. Miaka kumi na saba kila hesabu aliyoifunga iliishia kwa mistari miwili, wake na wa mzee chini yake. Jumapili ile mkono ulijiandikia wenyewe, na yeye akasoma mara tatu asione kasoro. Hakuiba karatasi, hakuiba muhuri. Angekuwa ameiba, jamani, angalau angekuwa na la kuombea radhi. Hili angeliitaje?

"Umeifanya lini, mwanangu?"

"Jumapili, mzee."

"Uchakavu wa misumeno umeutoa vizuri kwenye faida. Wengine huusahau."

Mhasibu alitamani agombezwe. Ukali angeubeba, angekwenda nao nyumbani akaulilia chooni, yakaisha. Lakini mzee alifungua kalamu, akasaini polepole, akagonga muhuri.

"Chukua, fundi. Huyu ni mtoto wangu hapa. Kazi yake ni kazi yangu." Akamtazama mhasibu juu ya miwani, kwa upole kabisa. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

Sauti iliyomtoka ilikuwa ileile ya msichana wa mafaili. Yule dada wa mapokezi akakimeza kicheko, kikamtokea puani.

Mhasibu akabaki anatazama kalamu zake. Kisha akainuka bila kuaga, akamfuata seremala, akamkuta kwenye ngazi.

"Fundi, hebu nirudishie hizo. Nitakuandikia nyingine."

"Za nini tena, dada yangu? Ona muhuri ulivyokaa, umenona!"

Mhasibu akaushika ukingo wa karatasi. "Hizo nyingine hazitakuwa na muhuri. Zitakuwa na saini yangu."

"Yako na ya nani?"

"Yangu tu."

Seremala alimkagua kuanzia viatu, kama mtu anayepima ubao asioujua. "Na benki watakubali?"

"Sijui," alisema, macho chini. "Ila wakiwa na maswali, nitakwenda nawe."

Seremala hakuziachia karatasi. Yeye naye hakuziachia. Wakasimama hivyo kwenye ngazi nyembamba, kila mmoja kashika upande wake, na watu waliokuwa wakipanda na kushuka wakawapita kwa ubavu, "Samahani, samahani," wakiinama chini ya mikono yao.