Kabla Dagaa Hawajageuzwa

"Tumeshafika Dar, mama," Josephat alisema kwenye simu.

Paskazia aliwatazama dagaa wake juu ya chanja. Upande wa chini walikuwa wabichi bado. Ndege yao ilipopita juu ya ufuo wa Igombe, alikuwa anamalizia kuwatandaza. Sasa hata kuwageuza bado, na mkwe wake anasema wamefika. Kwenda Nansio tu, ng'ambo hapo, meli inakula saa tatu na zaidi. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda Dar kwa basi. Alitoka alfajiri akashuka usiku wa manane, miguu imevimba kama mihogo.

Akauliza ni umbali gani. Josephat akasema kwa angani ni kilomita mia nane na ushee, saa moja na nusu. Alijibu upesi, kama mtoto aliyekariri.

"Mpe simu Tereza."

"Wamemwingiza ndani kupimwa moyo, mama. Simu haziruhusiwi."

Haya. Na wiki nzima mama yake Josephat alikuwa akimsifia mganga wa Mkolani, upande wa pili wa mji huu huu, kwamba ugonjwa wa moyo hautaki kisu. Paskazia akashika reki akaanza kugeuza dagaa, na kila alipovuta alimwona binti yake amelazwa mkekani huko Mkolani, anafukizwa moshi, pumzi ile ndogo ikizidi kupungua. Akamwambia jirani yake Sabina kwamba jioni isipoleta sauti ya Tereza, atakwenda kumsaka Mkolani nyumba kwa nyumba. Sabina akamuuliza yeye na ndege walikosana lini. Paskazia hakucheka.

Jua lilikuwa limekaribia maji simu ilipoita tena.

"Mama." Sauti nyembamba, inaweza kuwa ya mtu yeyote.

"Kitendawili," akasema Paskazia, bila salamu.

Ikasikika pumzi ndogo. "Tega."

"Nimewalaza wengi, hakuna aliyefumba jicho."

"Dagaa, mama. Umeshawaanua?"

Alikuwa yeye. Lakini yuko wapi? Hapo hapo, nyuma ya sauti ya Tereza, mtu akaanza kuadhini. Paskazia akageuka kutazama msikiti wa Igombe. Muadhini alikuwa amekaa barazani anapiga soga, hata viatu hajavua.

"Huko jua limezama?"

"Limeshazama, mama. Taa zimewashwa. Kesho asubuhi ndiyo wananipasua."

Hapa Igombe jua lilikuwa bado zima, jekundu, linamchoma Paskazia usoni. Mkolani hawana jua lao peke yao.

Akamuuliza kama amekula. Tereza akasema wamemkataza. Akamwambia alale basi, na amsalimie Josephat, amsalimie sana.

Alikaa kando ya chanja, simu mapajani, analitazama jua ambalo kwa Tereza lilikuwa limekwisha. Muadhini wa Igombe alipoinuka, akakohoa, akaanza, Paskazia alikuwa hajaanua hata dagaa mmoja.